Karatasi ya Gaude

Kabla hamjaanza kusoma, naomba mnisamehe kwa mwandiko huu. Naandika polepole, na herufi zangu zinalala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Shule niliishia darasa la saba. Kuna mahali naandika L panapotakiwa R. Kabula, ambaye mtamjua huko mbele, alinisahihishia kurasa tatu za kwanza, kisha akaniambia, "Dada Devo, hayo mengine yaache hivyohivyo, watu wataelewa." Basi nimeyaacha.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Tangu mtoto nilikuwa nikitumwa dukani, nikikuta watu watatu, nasimama pembeni mpaka waondoke. Nyumbani walikuwa wanacheka. Siku hizi hawacheki.

Naitwa Devota. Kwetu ni Katindiuka, pembeni ya Ifakara. Nina pumu. Mdogo wangu Gaudensia, tuliyezoea kumwita Gaude, naye alikuwa nayo. Nilimzidi miaka mitatu, lakini yeye ndiye aliyekuwa na mdomo. Akibanwa na kifua alikuwa anaweza kutania. Wenzake shuleni walisikia kifua chake kinavyolia wakawa wanamwambia, "Gaude, tupigie honi!" naye anawajibu, "Pisheni basi, lori linapita." Alicheka nao, halafu akifika nyumbani anajilaza ukutani, haongei.

Sitaeleza pumu ni nini, hiyo kazi ya wataalamu. Mimi naweza kusema inavyokuwa. Hewa inaingia, kutoka inakataa. Mabega yanapanda. Kile kishimo cha shingoni kinaingia ndani kila unapovuta. Huwezi kulala, unakaa umeinama umeshika magoti, na mtu akikuuliza swali unamchukia, kwa sababu kujibu ni kupoteza pumzi. Kwetu sisi inakuja zaidi mara mbili kwa mwaka: mvua zinapoanza, na wakati wa kuvuna, vumbi la mpunga linapokuwa hewani kila mahali.

Miaka ya nyuma mama alitupa chai ya tangawizi na kutupaka mafuta kifuani. Majirani walimwonya asitupe pampu, yaani ile dawa ya kuvuta kwa mdomo. Walisema mtoto akishaanza pampu hana siku nyingi. Mama aliogopa. Mpaka msimu mmoja wa mvua tulibanwa wote wawili siku moja, tukapelekwa hospitali, tukawekwa kwenye mashine ya mvuke kwenye kitanda kimoja, kichwa changu huku na miguu ya Gaude huku. Tangu hapo tukaanza kliniki.

Benchi la kliniki nalijua vizuri. Unafika asubuhi, unaweka daftari lako juu ya madaftari mengine, unakaa. Gaude alipenda kuhesabu wanaokohoa. Kulikuwa na nesi mmoja mnene, mpole, alitufundisha kutumia pampu kwa chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa chini: unaingiza pampu kwenye tundu, unavuta kupitia mdomo wa chupa. Alituambia pampu haiui, kinachoua ni kuichelewesha. Maneno hayo mama aliyarudia kwa majirani wote.

Shuleni pampu ilikuwa moja, na ilikaa kwangu. Gaude akibanwa alikuja darasani kwangu, anasimama dirishani, mimi namwona natoka. Walimu hawakujua. Tulikwenda nyuma ya choo, anavuta, anasubiri, anavuta tena, tunarudi. Tulifanya siri kwa sababu watoto wengine walikuwa wanasema pumu ni TB, na hakuna aliyetaka kukaa dawati moja na mtu wa TB.

Kisha nikamaliza darasa la saba. Matokeo yalipotoka, jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliochaguliwa. Nililia siku mbili, mambo yakaisha. Lakini Gaude sasa alibaki shuleni peke yake, anaingia darasa la tano.

Januari tulipokwenda kliniki, nesi aliuliza, "Na huko shule, ni mwalimu gani anajua hali ya huyu mtoto?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Hakuna," Gaude akajibu.

Nesi alivuta karatasi, akaandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nilizisoma bila kusimama:

GAUDENSIA ANA PUMU. AKIBANWA MKALISHENI, MSIMLAZE. FUNGUENI MADIRISHA, WATU WAKAE MBALI. MPENI PAMPU YA BLUU ALIYONAYO. ASIPOPATA NAFUU MLETENI HOSPITALI HARAKA, MSISUBIRI MZAZI.

Akaikunja, akanipa mimi. "Wewe ni dada. Mpe mwalimu mkononi, siyo kumwachia mezani. Umesikia, binti?"

"Ndiyo, nesi."

Mama na baba walikuwa wanaondoka kwenda shambani, upande wa Mngeta, na kwetu wakishakwenda shamba wanakaa huko kwenye kibanda mpaka kuvuna, wanarudi siku mojamoja. Mimi na Gaude tulibaki nyumbani kwa sababu ya vifua vyetu. Mama aliniambia, "Walimu unawajua wewe. Peleka kesho."

Kesho yake nilikwenda. Waliosoma shule zetu wanaujua mlango wa ofisi ya walimu. Unasimama nje, unapiga hodi, unasema shikamooni walimu, unasubiri. Walikuwa saa ya chai, wote wamo ndani. Nilipiga hodi, na mwalimu mmoja wa kiume akageuka na chapati mkononi.

"Aa, Devota! Umerudi kurudia la saba?"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani. Mwalimu Agripina, aliyenifundisha Kiswahili, alisema, "Mwacheni mtoto wa watu. Devota, una shida gani?"

Karatasi ilikuwa ndani ya daftari langu la hisabati, nimelishika kifuani. Nilitakiwa kusema neno moja tu.

"Nimekuja kuwasalimia," nikasema, nikaondoka.

Nikajiambia nitakwenda kesho, Mwalimu Agripina akiwa peke yake. Kesho nikaona walimu wawili mlangoni nikarudi. Wiki ile ikapita. Mama aliporudi kuchukua unga akaniuliza, "Karatasi ulipeleka?"

Nikamjibu, "Nimepeleka."

Neno lile lilitoka kwa urahisi kuliko neno lolote nililowahi kusema. Na baada ya kulisema sikuweza tena kupeleka, kwa sababu ningepeleka kitu ambacho kilishapelekwa. Sijui kama mnanielewa.

Badala yake nikafanya kitu kingine, nikadhani kinatosha. Pampu ile yetu moja sasa ilikaa na Gaude, lakini hakutaka ionekane. Nilichukua kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye sketi ya mama, nikashona kifuko kidogo kwa mkono, nikakiwekea kamba. Gaude alikifunga kiunoni chini ya sketi ya shule. Pampu haikuingia vumbi na hakuna aliyeiona. Alijitazama akasema, "Dada, una akili wewe, walikunyima tu sekondari." Nilifurahi siku nzima.

Mwezi wa tano shuleni kulitokea jambo. Wasichana wa darasa la sita walianza kuanguka. Mmoja alipiga kelele darasani akaanguka, kisha wa pili, wa tatu. Watu wakasema mapepo. Walimu walifanya walivyojua: walioanguka waliingizwa kwenye darasa, wakalazwa, wakashikwa mikono wasijiumize, akaitwa mama anayepika uji, ambaye ni mwombaji, akawaombea. Walitulia. Ikasemwa kwamba msichana akianguka akaguliwe, kama ana hirizi itolewe. Gaude alinisimulia hayo huku anaigiza wanavyoanguka, tukacheka sana.

Mwezi wa sita ulikuwa wa kuvuna. Siku hiyo ilikuwa siku ya mpunga wa shule. Shule ina shamba, na mpunga wake ndio chakula cha wanafunzi, kwa hiyo wanafunzi wanaupiga kwa fimbo juu ya turubai uwanjani, wengine wanapepeta. Sisi nyumbani tulikuwa tunaogopa shamba. Shule tuliiona ni mahali pa kalamu na daftari. Hata mimi niliyesoma pale miaka saba sikukumbuka kwamba siku moja kwa mwaka shule inakuwa uwanja wa kupigia mpunga.

Nilikuwa naosha vyombo nilipomwona Kabula anakuja mbio. Kabula alikuwa rafiki wa Gaude, walikaa dawati moja. Wazazi wake ni Wasukuma, walihamia na ng'ombe kabla hajazaliwa.

"Dada Devo! Gaude kaanguka! Wanasema ana mapepo!"

Niliacha maji yanamwagika. Nilikimbia, na sikutakiwa kukimbia. Kabla sijafika nusu ya njia kifua changu kilianza kufunga. Nilipofika uwanjani vumbi la mpunga lilikuwa limesimama kama moshi, na mimi nilikuwa siwezi kuvuta tena.

Darasa lilikuwa limejaa. Madirisha yamefungwa ili watoto wasichungulie. Gaude alikuwa amelazwa chali sakafuni, mama wa uji anaomba kwa sauti, wasichana wawili wakubwa wamemshika mikono. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Mwalimu Agripina alikuwa amepiga magoti anampepea na daftari, analia.

Nilifungua mdomo. Nataka mjue kwamba siku ile sikuona aibu. Siku ile nilitaka kusema, nilitaka kupiga kelele, lakini pumzi haikuwepo. Nilitoa mlio tu. Mtu mmoja akasema, "Na huyu naye!" Wakataka kunishika.

Nilionyesha kiuno changu. Nikaonyesha tena. Kabula akasema, "Anauliza kile kifuko."

"Kile cheusi?" mama wa uji akasema. "Tumekikata. Kimetupwa chooni."

Kabula alinisimulia baadaye yaliyotokea kabla sijafika, kwa sababu nilimlazimisha. Gaude alikuwa anapepeta. Akaweka ungo chini, akatembea kuelekea choo, akaanguka njiani. Alikuwa anapeleka mkono kiunoni. Walipomwingiza darasani aliendelea kupeleka mkono kiunoni, anasukuma watu, ndiyo maana wakamshika mikono. Wakakagua hapo kiunoni wakakuta kifuko cheusi chenye kamba, kimefungwa mdomo. Hata Kabula hakujua kilichomo, na hakuna aliyekifungua. Nani anafungua hirizi? Mwalimu Agripina alikikata kwa wembe wa kuchongea penseli, mtoto mmoja akakibeba kwa kijiti mpaka chooni.

Niliandika kwa kidole kwenye vumbi la sakafu: PUMU. Mwalimu Agripina alisoma. Nilimwona anavyosoma. Alimnyanyua Gaude mwenyewe, akakimbia naye barabarani. Bodaboda ya kwanza alipanda yeye na Gaude, ya pili wakanipandisha mimi na mwalimu yule wa chapati, amenikumbatia kwa nyuma nisianguke.

Hospitali walituweka vitanda viwili, katikati pazia. Mimi nilivishwa kifaa cha mvuke usoni. Upande wa pili nilisikia watu wengi, nikasikia mashine kama yangu, nikasikia nesi yule mnene anaita, "Gaude. Gaude, mama. Gaude." Nilikuwa navuta mvuke na kuhesabu, kama tulivyokuwa tunahesabu wanaokohoa. Kifua changu kilianza kufunguka. Nilikihisi kinafunguka, na wakati huohuo nikasikia upande wa pili mashine imezimwa.

Nesi alikuja akakaa kitandani kwangu. Alinishika mguu tu. Baadaye sana akauliza, "Ile karatasi niliyowapa, mliipeleka?" Nilikuwa na kifaa usoni, nikafumba macho.

Mama na baba walifika kesho yake. Msibani watu walikuwa wengi, wa shule na wa kanisani na wa shamba. Mwalimu Agripina alikuja na walimu wenzake. Alipiga magoti mbele ya mama, akasema, "Mama Devota, kwa nini hamkutuambia?"

Mama akasimama.

"Hatukuwaambia? Tuliwaletea karatasi! Ya nesi! Yenye kila kitu!"

"Mama, mimi sijaona karatasi."

"Devota!" mama akaita. Wanawake wote mkekani wakageuka. "Njoo hapa. Karatasi uliipeleka au hukuipeleka?"

Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile. Niliitikia kwa kichwa, kwamba niliipeleka.

Ndivyo nilivyofanya. Mdogo wangu yuko ndani kwenye jeneza na mimi nikafanya hivyo.

Watu walianza kumsema mwalimu palepale. "Mwalimu gani huyu!" "Kazi yao simu tu!" Alitoka akiwa amejifunika kanga usoni. Baada ya hapo wazazi wengine walikataa asiwafundishe watoto wao. Sokoni watu walimnyooshea kidole. Nilisikia yote hayo, nikawa nabanwa karibu kila siku, na mama ananipa pampu ananisugua mgongo, ananiambia, "Pumua mwanangu, umebaki wewe." Kila aliposema hivyo nilikuwa nazidi kubanwa.

Pampu ya kwanza baada ya msiba iliisha kabla ya mwezi. Ya pili vilevile. Kliniki waliniongezea nyingine ya kahawia, ya kuvuta asubuhi na jioni hata kama sijabanwa. Nesi alinitazama sana lakini hakuuliza tena. Mvua za vuli zikaja. Baba akaanza kutengeneza jembe la kukokotwa. Karatasi ilikuwa bado ndani ya daftari la hisabati, chini ya godoro, upande aliokuwa analala Gaude.

Januari, shule zilipofunguliwa, nililitoa. Sikumwambia mtu. Nilikwenda saa ya chai makusudi, kwa sababu nilimsingizia mwalimu mbele ya watu, nikaona niungame mbele ya watu.

Nikapiga hodi. "Shikamooni walimu."

"Marahaba."

Hakuna aliyetania. Mwalimu Agripina alikuwa amekaa kwenye kona, amekonda. Nilikwenda mpaka mezani kwake nikampa karatasi mkononi, kama nesi alivyosema.

"Sikuileta," nikasema. "Ilikuwa kwangu. Nilidanganya."

Aliifungua. Aliisoma muda mrefu, ingawa maneno ni machache. Kisha akasema jambo ambalo nitakufa nalo.

"Nimeitafuta sana hii. Nimepekua madroo yote, kabati, mabegi yangu nyumbani. Nilijua uliniletea nikaisahau mahali. Nilikuwa namwambia mume wangu, mimi ndiye niliyeipoteza."

Akaegemeza kichwa mezani. Yule mwalimu wa chapati alitoka nje. Mimi nilibaki nimesimama mpaka Mwalimu Agripina akanivuta mkono nikakaa chini karibu na miguu yake, tukalia. Alisema, "Mimi ndiye niliyekata kile kifuko, Devota." Nikasema, "Mimi ndiye niliyekishona."

Jioni hiyo nilimwambia mama. Hakunipiga, wala hakulia. Alikaa na sufuria mapajani. Siku nyingi hakuniita mwanangu, aliniita Devota. Baba alikwenda shambani siku moja kabla ya siku aliyopanga, na mpaka leo akiongea na mimi anatazama pembeni. Lakini mwezi uliofuata, siku ya kliniki, niliamka nikakuta mama ameshaweka pampu zangu mbili na chupa kwenye mfuko, amesimama mlangoni. Akasema, "Twende, tutachelewa foleni." Jumapili ile, baada ya misa, alimfuata Mwalimu Agripina nje ya kanisa, akamshika mkono mbele za watu. Sijui walisemezana nini.

Miaka zaidi ya miwili imepita. Kabula yuko kidato cha kwanza. Vuli hii nimebanwa mara moja tu. Shuleni pale, kila Januari mwalimu wa darasa anauliza watoto mmojammoja, pembeni, siyo mbele ya wenzao, nani anatumia dawa gani na iko wapi. Siku ya kupiga mpunga wenye vifua wanakaa mbali. Mtoto akianguka, kwanza wanafungua madirisha. Na karatasi ile imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya walimu, karibu na ratiba. Mwalimu Agripina alipokuwa anaibandika aliniuliza, "Tufute jina lake, tuandike 'mwanafunzi'?"

Nikamwambia, "Liache."

Wewe unayesoma hii, kama una mtoto mwenye pumu, au ni dada yake, au wewe mwenyewe unayo na unaona aibu, nyuma ya maneno yangu nimenakili yale ya nesi kwa kalamu nyekundu. Yakate. Badilisha jina. Mpe mwalimu mkononi, siyo kumwachia mezani. Usijali wanaocheka, chai yao itaisha.

Halafu niandikie. Peleka barua yako kwa aliyekupa maandishi haya, itanifikia. Sihitaji barua ndefu, najua kuandika kunavyochosha, na mwandiko ukiwa mbaya nitausoma, nina muda. Andika jina la mtoto, na chini yake uandike tu: imefika.